Nesi wa Nyuso Safi

Kabla ya kuitikia shikamoo yako, Nesi alimtazama kwanza mtoto uliyembeba. Ungeweza kuamkia mara mbili, ukasimama pale na aibu zako, naye bado anamwinua mtoto kidevu kwa kidole kimoja: jicho la kulia, jicho la kushoto, tundu za pua. Akiridhika ndipo anasema "marahaba", kwa sauti ya mtu uliyemkatiza kazi. Asiporidhika hasemi kitu. Anakuonyesha bomba lilipo.

Watu wa kwetu, huku juu Tlawi, hatuchezi na salamu. Mtu akikuacha na shikamoo yako hewani, hilo ni jambo la kuzungumzwa wiki nzima. Kwake tulizoea. Siku za kliniki ungewakuta kina mama wamejipanga kwenye mfereji ulio kabla ya kona ya zahanati, kila mmoja anamsugua mwanawe uso kwa ncha ya kitenge, maji ya Julai yanauma, watoto wanalia. Kisha wanaingia getini na nyuso zinazong'aa kana kwamba waliamka hivyo. Nesi alijua. Alipita kwenye mfereji huohuo kila asubuhi. "Mnawaosha kwa ajili yangu," alikuwa akisema, "na nzi mmewaacha nyumbani."

Sitamtaja jina. Kwanza, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Nesi kwa wazee na kwa watoto, kwa padri na kwa walevi. Pili, jina lake nimekwisha kulichafua mara moja. Ninaandika habari zake kwa sababu nilimsingizia kosa langu, kosa la jicho la mwanangu, naye akalibeba. Nimekaa na jambo hilo miaka mitano, na kila nikitaka kulisema kwa mdomo najikuta nimeanza kuzungumzia mvua.

Alikuja kwetu wakati vikope, ule ugonjwa wa macho ambao wataalamu huuita trakoma, ulikuwa bado umeshika nyumba nyingi. Unaenea kwa nzi na kwa nyuso zisizonawishwa. Utotoni unakuja na kurudi. Uzeeni kope zinajikunja kwa ndani na kukwaruza jicho mpaka mtu anaingia gizani. Nesi aliuchukia ugonjwa huo kama mtu anavyomchukia jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Alizunguka Tlawi na kijiji jirani cha Daudi kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiwafundisha watu kufunga kibuyu chirizi, lile dumu dogo la maji linaloinamishwa kwa kamba ya mguu. Akilikuta limekauka alivuta kigoda akakaa, akaongea habari zake zote, mpaka mwenye nyumba achoke na kwenda kuchota maji.

Ulimi wake haukuwa na breki. Mbele ya kliniki nzima alikuwa akitangaza nyumba ya nani ina nzi na nyumba ya nani ina kinyesi cha ndama mlangoni. Wanaume wazima walisafisha zizi kwa kuogopa kutajwa. Leo watu wanasema vikope vilipungua kwa sababu ya dawa zilizogawiwa, na ni kweli, lakini mimi nasema vilipungua pia kwa sababu ya aibu. Nesi alitumia aibu kama wengine wanavyotumia sindano, na hakujua dozi.

Halafu ungemwona mtu huyohuyo na bibi zetu. Asubuhi jua likifika kwenye benchi la nje, walikuwa wanamsubiri hapo, wale ambao kope zao zimeingia ndani na wanaogopa kwenda kufanyiwa upasuaji. Alitoka na kibano chake, akamlaza bibi kichwa pajani mwake na kung'oa kope mojamoja, huku akiimba wimbo wa kanisani bila kuipata sauti yake hata mahali pamoja. Kwaya ya parokia ilikuwa imemwomba kwa heshima awe mweka hazina. Bibi mmoja aliniambia kuimba kwake kunauma kuliko kibano. Lakini walikuja.

Alikuwa na mambo yake. Alituhubiria moshi, tutoe mafiga ndani, na jiko lake mwenyewe lilikuwa jeusi mpaka kwenye dari. Alikuwa akivuta ugoro nyuma ya zahanati, akipiga chafya mara saba na kurudi ndani macho yakimtoka machozi, na ole wako umuulize. Na huyu aliyeweza kumnyamazisha mlevi kwa neno moja hakuweza kuvumilia mtoto akilia kwa sindano. Alichoma haraka, akageuza uso, akakuachia wewe mama kazi ya kubembeleza, yeye akijifanya anaandika.

Hakukubali kuonewa. Mwendesha bodaboda mmoja aliwahi kumshusha njiani mvua ilipoanza, na Nesi alimnunia miaka miwili, hata siku kijana huyo alipoletwa na jeraha la mguu. Alimshona vizuri, kimya, na mwisho akamwambia, "Mguu huu umepona. Ile safari bado." Nalitaja hili ili ieleweke kwamba mtu niliyemwonea hakuwa mnyonge. Alijua kudai haki yake hadi senti ya mwisho ya heshima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ndimi niliyekuwa na klabu ya afya. Ndimi niliyetunga ule wimbo wa kunawa uso ambao watoto waliimba wakiwa mstarini. Nesi alikuwa akija shuleni kukagua nyuso, na darasa langu lilikuwa la kwanza kila mara. "Mwalimu huyu," aliwaambia wenzangu, "akiwa na mtoto, mtoto wake mtamtumia kama kioo." Nilijivuna. Sikujua kuwa nafungwa kamba.

Mtoto nilimpata, Paskalina, na hakuwa kioo. Alikuwa na pumu ya ngozi, kali sana. Shingo, mikunjo ya mikono, nyuma ya magoti, hadi kope za macho, kote kulikuwa kwekundu, kumepasuka, kunatoa maji. Alijikuna mpaka shuka zikawa na damu. Tulipaka kila kitu, vya hospitali na vya watu, samli, mafuta ya nguruwe. Majirani walikuwa wema, lakini hawakuwaacha watoto wao wamshike mkono. Nesi peke yake ndiye aliyempakata mbele za watu, shavu kwa shavu, na kusema kwa sauti, "Hii haiambukizi. Anayeogopa aje nimpime akili."

Ni yeye aliyetuandikia kwenda hospitali kubwa mjini, na huko, Paskalina akiwa na miaka sita, aliingizwa kwenye mpango wa msaada wa dawa mpya: sindano ya kila baada ya wiki nne, inayotuliza ngozi kutokea ndani. Sindano zilitakiwa kukaa kwenye ubaridi, kwa hiyo tulipewa za miezi kadhaa na Nesi akaziweka kwenye friji la chanjo la zahanati. Daktari wa ngozi, dada kijana mpole, alituketisha akatuambia waziwazi: "Kwa watoto wengine, dawa hii inaleta shida ya macho. Yanakuwa mekundu, yanawasha, yanatoa machozi. Si uchafu na si ugonjwa wa kuambukizwa. Mkiona hivyo msisubiri. Nipigieni, kuna matone ya kutibu." Nilitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi bora. Nilimweleza Nesi pia, naye alikuwa akimwita Paskalina karibu na dirisha kila siku ya sindano, amkague macho kabla ya kuifungua.

Ngozi ilitulia. Mwezi wa pili mwanangu alivaa gauni la mikono mifupi. Mwezi wa nne alicheza rede na wenzake. Mume wangu, ambaye hana maneno, alisimama kwenye shamba la vitunguu saumu akamtazama akikimbia, akarudi kupalilia. Nilimpenda Mungu wakati ule kwa urahisi sana.

Muda mfupi baada ya hapo, macho yakawa mekundu.

Nataka nieleze vizuri hapa, maana hapa ndipo mtu mwenye akili atauliza kwa nini. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikumbuka maneno ya daktari yote, hata mahali alipokaa. Lakini asubuhi ile Paskalina alipoamka kope zimegandana na tongotongo, mimi sikuona dawa. Niliona vikope. Niliona nzi. Nilimwona Nesi kwenye kliniki, mbele ya kina mama wote niliowafundishia watoto wao kunawa, akifungua mdomo wake usio na breki: nyumba ya Mwalimu. Kama ningekuwa mtu mwingine yeyote, fundi cherehani, muuza nyanya, ningempeleka siku hiyohiyo. Nilikuwa mwalimu wa afya.

Nikamtorosha. Nilimpeleka kwa mama yangu Daudi, nikamwandikisha shule ya huko, nikasema ni kwa sababu ya kumsaidia bibi yake. Kwa Nesi nikaenda peke yangu na chupa ya kubebea ubaridi. "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" akauliza. "Yuko shule Daudi, Nesi. Nitamchoma mwenyewe, si ulinifundisha?" Akanitazama kidogo. "Na macho?" "Mazuri," nikasema. Akafungua friji akanipa. Mara tatu, miezi mitatu, alifungua friji akanipa.

Na kule Daudi nilimtibu mwanangu ugonjwa asiokuwa nao. Nilimwagiza mama yangu amwoshe uso kwa sabuni asubuhi, mchana na jioni, kwa sabuni ya kufulia maana ndiyo kali, na ampake mafuta ya macho yaliyobaki kwenye kampeni ya zamani ya vikope. Mtoto alipiga kelele. Mama yangu alisema, "Mwanangu, huyu anaungua." Nikamwambia ni uchafu unatoka. Nilikuwa mkali. Mwezi wa pili akawa hataki jua, anakaa ndani kajifunika kitenge kichwani. Mwezi wa tatu nikafika siku ya Jumamosi nikamkuta anajimiminia chai, na chai inaingia mezani pembeni ya kikombe, naye hajui.

Tulisafiri kesho yake. Daktari wa macho alimwangalia kwa taa yake muda mrefu, akasema kuna kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho la kushoto. Yule daktari wa ngozi akaja akasimama nyuma yake, na upole wake wote ulikuwa umeondoka.

"Mwalimu, nyumbani nani anamwangalia kila mwezi?"

"Nesi wetu," nikasema.

"Naye ameyaona macho haya?"

Paskalina alikuwa amekaa mapajani mwangu, uso kaulaza kifuani kwangu kwa sababu ya mwanga. Nilisikia joto la kope zake kwenye blauzi.

"Ameyaona. Akasema ni vikope. Akatuambia tumwoshe kwa sabuni mara tatu kwa siku, tupake na mafuta."

"Alisema hivyo yeye?"

"Ndiyo, Dokta. Sisi watu wa kijijini tunamsikiliza Nesi."

Sisi watu wa kijijini. Nilisema hivyo, mimi mwenye cheti ukutani. Uongo wangu ulitoka umenyooka, una mwanzo, kati na mwisho, kama insha ya mfano. Daktari akaandika.

Mwanangu alitibiwa kwa matone na kwa uvumilivu. Sindano zilisimamishwa kwa muda, kisha zikarudishwa pamoja na matone na macho ya daktari juu yake. Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto lina kovu dogo, na kwa sababu ya kovu hilo Paskalina anasoma ubaoni akiwa ameinamisha kichwa upande. Daktari wa macho aliniambia kwamba kama tungekuja wiki ya kwanza, matone peke yake yangetosha. Aliniambia kwa huruma, akidhani ananieleza kosa la mtu mwingine.

Nesi aliitwa na wakubwa wake. Barua ya daktari ilisomwa. Nilingoja arudi na moto. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimepanga hata nitakavyolia. Nilijua atakuja mpaka mlangoni kwangu na kuniita kwa jina langu la ubatizo. Hakuja. Alipewa onyo la maandishi, akanyang'anywa kushika sindano zetu, akarudi benchini kwake na kibano. Nikasema moyoni, labda hakusomewa kuwa ni mimi. Mtu mwoga ana imani kubwa sana.

Lakini habari hazikai kwenye bahasha. "Nesi nusura ampofushe mtoto wa Mwalimu." Kina mama wakaanza kuzificha nyuso za watoto wao asizione. Mfereji ukabaki mtupu siku za kliniki. Bibi mmoja akaacha kuja benchini, kisha wa pili, kisha benchi likawa la watu wa kupumzika. Mimi nilipita pale kila siku kwenda shule. Ningeweza kusema neno moja kwa mtu mmoja. Tena mwaka uliofuata alipostaafu, kijiji kilitafuta mtu wa kuandika risala ya kumuaga, na nani mwenye mwandiko mzuri? Niliandika. Niliandika kwamba alijitoa, kwamba tutamkumbuka. Darasa langu liliisoma, na yeye alikaa kwenye kiti cha mbele na khanga mpya mabegani, akisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi.

Mwaka huu, likizo ya shule, tulialikwa harusi Masakta, kule chini Hanang ambako alijenga nyumba yake ya uzeeni. Nilikwenda na Paskalina. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumapili baada ya ibada nikaulizia nyumba. Nilimwambia mwanangu tunakwenda kusalimia. Upepo wa kule hauna mlima wa kuuzuia, na tulifika tumejaa vumbi.

Alikuwa nje anapukuchua mbaazi. Amepungua, mabega yameingia ndani, lakini mikono ilikuwa ileile. Tukamwamkia, akaitikia, akatupa vigoda na ungo kila mmoja, maana hakuwahi kumwacha mgeni akae bure. Nikaanza kupukuchua. Nikamweleza mvua ilivyochelewa Tlawi. Nikamweleza bei ya vitunguu saumu. Nikamweleza padri mpya.

"Mwalimu," akasema, "umeshuka milima yote hiyo kuja kuniambia habari za vitunguu?"

Nikaweka ungo chini. "Nesi, nilikusingizia."

"Najua."

"Nilisema wewe ndiye uliyeagiza sabuni."

"Nilisomewa. 'Mama wa mtoto anasema.' Ukurasa wa kwanza."

"Kwa nini hukukataa? Wewe hukubali kuonewa."

Alipuliza makapi kwenye ungo wake, polepole. "Ningesema sikuyaona yale macho, wangeniuliza, sasa uliitoaje dawa miezi mitatu bila kumwona mtoto? Na niliitoa. Mtu mwingine ningemwambia, rudi, kamlete. Wewe nilikuonea haya. Nikasema huyu ni Mwalimu, nikimwambia hivyo nitamvunjia heshima." Akatikisa kichwa. "Hilo ni langu, nimelibeba na sijalalamika. Lakini la sabuni si langu. Na la sabuni ndilo lililowafukuza bibi zangu. Wawili wamekufa hawaoni, nilisikia. Nani aliwang'oa kope?"

Nilimwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha kwenye basi, na yalipoishia aliniambia, "Nimekusikia." Hakuniambia zaidi ya hapo, na sikuwa na haki ya kudai.

Kisha akamgeukia Paskalina, ambaye muda wote alikuwa anapukuchua.

"Wewe sasa una miaka mingapi, mama?"

"Kumi na mmoja, bibi."

"Siku ile kwa daktari ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi naomba unisaidie kitu. Miaka mitano sijasikia mtu aliyeona akisema kwa mdomo wake. Mama yako amesema, lakini mama yako anasema vizuri kila kitu. Niambie wewe. Mimi niliyaona macho yako yakiwa mekundu?"

Paskalina aliacha kupukuchua. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akitaka kuona vizuri, na akanitazama mimi kwanza. Nilikitambua kile alichokuwa anakifanya, kwa sababu watoto darasani hunifanyia hivyo kila siku nikiuliza swali: wanatafuta usoni mwangu jibu ninalolitaka. Alikuwa anasubiri nimwonyeshe leo tunasema nini. Nilitaka ardhi ya Masakta inimeze pamoja na kigoda.

"Sema ilivyokuwa," nikamwambia.

Akaugeuza uso kwa Nesi.

"Hukuyaona, bibi," akasema. "Mama alinipeleka Daudi ili usiyaone."